Afunge, Asifungue

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi. Naapa kwa shati langu jeupe, lile nililopewa siku ya kustaafu pamoja na saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea. Saa siihesabu. Shati ndilo kitu pekee cha maana nilichotoka nacho kazini, na kama mna uongo humu ndani, nivuliwe shati hilo mchana kweupe, mbele za watu, nibaki na fulana yenye matundu. Nimesema.

Nilikuwa mpeleka barua. Mtaani huniita Mzee Barua, na hawajakosea, maana ujumbe ukipita mikononi mwangu hufika vilevile ulivyotoka. Haupungui nukta. Haujikunji pembe. Hilo liwekeni akilini.

Jirani yangu ni fundi vioo. Ukuta wangu wa sebuleni ndio ukuta wake wa chumbani, na ni mwembamba kiasi kwamba yeye akiota ndoto mbaya, mimi ndiye ninayeshtuka. Kwa hiyo mtu asije akaniuliza niliyajuaje ya nyumba ile. Wanaishi watatu, maana watoto wako shule ya bweni. Yupo fundi mwenyewe. Yupo mkewe, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Halafu yupo mama mkwe, aliyekuja kumtembelea binti yake kwa wiki moja, na wiki hiyo sasa inaingia mwaka wa pili.

Wakati huo fundi alikuwa amepata kazi ambayo hakuwahi kupata mfano wake: vioo vya zahanati. Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa na madirisha matupu. Vumbi la barabarani lilijipitia, nzi walijipitia, na siku moja aliingia kuku, akasimama juu ya kitanda cha wagonjwa kama anayesubiri zamu. Nesi alikuwa amechoka kufukuza. Vioo vilitakiwa viwe vimeingia Jumamosi, la sivyo kazi iende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Aluminiamu kwa sababu akionyeshwa fremu ya mbao hucheka mpaka anakohoa.

Jumanne asubuhi fundi wetu alikuwa dukani kwake, chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, anakata. Kusema kweli kioo hakikatwi. Unakikwaruza mstari mmoja kwa kikatio, unakisogeza ukingoni mwa meza, halafu unakivunja kwa upole, kama mtu anayevunja uchumba. Siku hiyo kioo kilikataa kuachwa. Kilivunjika kilivyotaka chenyewe, kikapita chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, na fundi akabaki anautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Mama," akaita. Hakupiga kelele. Mwanamume hapigi kelele mbele ya mkwe. "Mama, naomba kitambaa."

"Chakula bado," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. Masikio yake ni mazima, ila huchagua.

"Kitambaa, mama!"

Akatoka na mwiko mkononi, akaiona damu inavyotiririka mezani, akapiga yowe lililopokelewa mtaa mzima. Kabla mtu hajamaliza kuvaa ndala, duka lilikuwa limejaa waganga. Mwenye gereji alikuja na kopo la grisi.

"Grisi huziba kila kitu," akasema. "Mimi nimeziba injini za watu."

"Huyu si injini," akasema muuza mkaa. "Tieni majivu."

Kinyozi alikuwa na dawa ya meno. Binti wa saluni alileta gundi ya kubandikia kope za bandia, akiahidi kwamba ikishika haiachii hata mtu akilia. Mwingine akadai utando wa buibui.

"Tafuteni buibui, haraka!"

"Buibui atoke wapi?" mama mkwe akafoka katikati ya machozi. "Unanionaje? Nyumba yangu inafagiliwa!"

"Nyumba yako?" fundi akauliza, maana hata mtu anayevuja damu kuna neno hawezi kuliacha lipite.

Ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe. Sikufikiri mara mbili. Nililishika kwenye ukosi, nikalichana kutoka juu mpaka chini, mlio wake ukasikika hadi kituo cha polisi. Nikalikunja, nikaliweka juu ya jeraha, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote na kuunyanyua mkono wa fundi juu ya kichwa chake. "Hakuna kupaka kitu!" nikasema. "Damu husimama kwa kukandamizwa. Huyu ni mtu, si samaki wa kupakwa viungo." Nikakandamiza, nikakandamiza. Damu ikapunguza mbio, ikatulia. Mama mkwe akanishika bega, akaniambia, "Mzee Barua, wewe ni mtu na nusu."

Alisema hivyo hasa.

Zahanatini tulikwenda watatu: fundi, mama mkwe na mimi. Nesi wa pale ni binti mfupi mwenye mikono ya haraka, na ana namna ya kumtazama mgonjwa inayofanya ugonjwa wenyewe uone haya. Alilikosha jeraha kwa maji ya chumvi, akatafuta vipande vya kioo kama mtu anayechambua mchele, akamchoma fundi sindano ya ganzi na nyingine ya pepopunda, akashona. Fundi alipoiona sindano ya kwanza alifumba macho, na alipoiona ya pili akazimia kidogo, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Nesi akaweka juu ya jeraha shashi nyeupe, juu ya shashi pamba, juu ya pamba bendeji, akazungusha na kuzungusha mpaka mkono ukafanana na mtoto mchanga aliyetoka kuoga. Upepo ukapiga, vumbi likaingia dirishani, nesi akaufunika ule mkono kwa kifua chake na kulisonya dirisha.

Halafu akatoa maagizo. Sikilizeni vizuri hapa. Nesi alisema hivi: "Hicho kidonda afunge hivyohivyo, asifungue mpaka Ijumaa. Maji yasiguse."

Maagizo alimpa mama mkwe, kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado yuko safarini. Na mama mkwe, wakati nesi anasema "hicho kidonda", alikuwa anapenga kamasi. Aliyasikia kuanzia katikati. Kwa hiyo ujumbe alioubeba kwenda nao nyumbani ulikuwa huu: afunge, asifungue mpaka Ijumaa, maji asiguse.

Mimi nilisikia vizuri, bila shaka. Lakini si mtu wa kuingilia mambo ya watu na wakwe zao.

*

Mke wa fundi alirudi kutoka kiwandani alasiri, akakuta sakafu imesuguliwa, mume amelala, na mama yake ameketi mlangoni kama askari wa benki.

"Amesemaje nesi?"

"Amesema afunge. Asifungue mpaka Ijumaa. Na maji asiguse."

Mke akafikiri. "Afunge duka?"

"Duka? Afunge kula!"

"Mama, huyu ameumia mkono, hakuumia tumbo."

"Kaka yangu alipopasuliwa aliambiwa afunge. Akafunga. Hakula, hakunywa. Leo yuko wapi?"

"Alikufa, mama."

"Alikufa kwa mambo yake mengine. Ule upasuaji alipona."

"Alipasuliwa tumbo!"

"Na huyu ameshonwa. Mtu hashonwi bila kwanza kupasuka."

Wakamgeukia mgonjwa. Alikuwa amefungua jicho moja.

"Baba watoto, wewe ulisikia nini?"

"Mimi?" Fundi akalifumba lile jicho. Kukiri mbele ya mkwe kwamba alizimia ilikuwa vigumu kuliko kushonwa. "Nilisikia... afunge."

"Umeona?" akasema mama mkwe.

"Afunge nini lakini?"

"Sikumuuliza. Alikuwa na kazi nyingi."

Mke alisimama katikati ya chumba na mkoba wake mkononi, anatoa harufu ya mikate mipya, na uso wake ulionyesha hesabu anayoipiga. Duka likifungwa mpaka Ijumaa, vioo vya Jumamosi vitakatwa na nani? Lakini je, kama ni kweli dukani kuna vumbi la kioo, likaingia kwenye jeraha? Na kama mama naye ana kweli yake, mtu akala, zile nyuzi zikaachia?

"Basi tufanye yote mawili," akasema. "Nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyemuua."

Duka likatiwa kufuli. Sufuria ikafunikwa. Mtungi wa maji ukahamishiwa chumbani kwa mama mkwe, akalala karibu nao kama mtu anayelinda mahari. Ile bendeji hakuna aliyeitaja.

*

Mtu akiumia mtaani kwetu, hakosi wa kumjulia hali. Jumatano walikuja kwa zamu. Kila mmoja aliingia na pole, akaketi, akaguna, halafu akasema neno lilelile.

"Hebu tuone."

Fundi alikuwa mpole kwa njaa. Angemkatalia nani? Bendeji ikafunguliwa, watu wakainamisha vichwa, wakavuta pumzi kwa meno, ikafungwa. Akaja mwingine, ikafunguliwa tena. Kidonda kikawa kama gazeti la kinyozi, kila anayeketi analifunua. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana alikuja kutazama tu, kila mmoja aliacha kitu. Majivu kidogo pembeni. Dawa ya meno, kwa ajili ya ubaridi. Mwenye gereji aligusa kwa ncha tu ya kidole, na ncha ya kidole cha mwenye gereji inatosha kulainisha bawaba za mlango. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajulikani ni nani, akanyunyiza kahawa ya unga. Jioni ile shashi ya nesi ilikuwa na rangi ya kitambaa cha kufutia baiskeli, na bendeji, kwa kuwa ncha zake zilishachoka, ilikuwa imefungwa kwa uzi wa mfuko wa mikate.

Aluminiamu naye alikuja. Alivaa viatu vya kung'aa. Alimkuta fundi amejifunga shuka kiunoni, kwa sababu vifungo vya suruali vilikuwa vimemshinda kwa mkono wa kushoto, na mama mkwe si mtu wa kumwomba akufungie suruali.

"Pole, mwenzangu," akasema Aluminiamu, akainyoosha mikono yote miwili na kuushika ule mkono mbaya.

Fundi akatoa sauti nyembamba.

"Nimepita zahanatini kule. Nikapima yale madirisha, nikapima tu, sina nia mbaya. Nikasema, mwenzangu akishindwa isije ikawa aibu ya mtaa mzima."

"Sijashindwa."

"Nimeona duka lina kufuli."

"Nimefunga kwa muda."

"Aa, kwa muda." Akalitazama lile shuka. "Vile vioo ulivyokwishakata, ukitaka nivichukue, sema. Nitakupa bei ya mabaki."

Alipotoka, fundi akajilaza. Halafu akamwambia mkewe, "Sogea kule."

"Nimefanya nini tena?"

"Unanukia mkate."

Hapo mke akaona huruma. Alichomoa nusu ya mkate kutoka kwenye mkoba, akauingiza katika kopo tupu la puti, ile gundi laini ya kushikizia vioo kwenye fremu, akaliweka kopo chini ya kitanda. Pembeni akaficha chupa ya maji ndani ya buti. Fundi alisubiri nyumba itulie, akavuta kopo, akaanza kutafuna taratibu kama panya mwenye heshima. Mlango ukafunguliwa.

"Unatafuna nini?" akauliza mama mkwe.

Fundi akatazama kopo. "Puti."

Mama mkwe akashika kifua. "Mkwe wangu anakula puti!" Akaondoka akilia, na nilimsikia huko nje akiwaambia majirani kwamba kijana ana moyo wa chuma, njaa imemfikisha kwenye gundi lakini agizo la nesi hajalivunja.

Usiku huo nilicheka mpaka nikagonga ukuta. Lakini alfajiri ya Alhamisi sikucheka. Mke alikuwa anajiandaa kwenda kazini, na nikasikia fundi anasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Gumba linapiga. Linapiga kama lina moyo wake."

"Hebu nilishike. Mungu wangu, lina moto."

"Na limevimba hadi huku. Angalia, kuna mstari mwekundu."

"Twende zahanati."

"Nesi amesema Ijumaa."

"Leo ni Alhamisi, baba watoto."

"Ijumaa si kesho?" "Sikia. Wakilikata hili, mimi ni nani? Fundi vioo asiye na gumba ni mtu anayetazama madirisha ya wenzake."

Nilisikia mkoba unawekwa chini. Siku hiyo hakwenda kazini.

*

Nesi alikuja mwenyewe kabla hawajaamua, na hakuja kwa ajili ya mkono. Alikuja kwa ajili ya madirisha. Aligonga mlango wa duka kwa ngumi.

"Fundi! Fundi! Jana kuku ameingia tena, na safari hii alikuwa na wenzake! Mbona umefunga?"

Mama mkwe akatoka mbio. "Si wewe uliyesema afunge?"

"Afunge duka?"

"Hata mimi nilishangaa. Ila binti yangu akasema..."

"Yuko wapi mgonjwa?"

Wakamwingiza ndani. Na mimi nikaingia, kama jirani. Fundi alikuwa amekaa kitandani, midomo imepauka, mkono uko juu ya mto. Nesi akatoa mkasi. Aliukata uzi wa mfuko wa mikate, akainua bendeji, akainua kilichokuwa shashi, na ile harufu ikatoka ikatusalimu mmoja mmoja. Nesi akainama karibu.

"Haya ni majivu," akasema. "Hii ni... dawa ya meno. Hii ni grisi? Nani ametia grisi? Na hii?" Akanusa. "Kahawa. Imebaki sukari tu."

"Sukari ipo dukani," akasema mama mkwe. "Ningejua kama inatakiwa..."

"Mama!"

"Na usione amedhoofu," mama mkwe akaendelea kwa fahari. "Hajala tangu Jumanne. Amefunga barabara. Maji hajagusa."

Nesi akajiweka wima taratibu. Akatazama sufuria iliyofunikwa, akatazama kufuli kwenye mlango wa duka, akautazama ule mkono.

"Nilisema afunge kidonda," akasema. "Mmefunga duka. Mmefunga jiko. Mmemfunga mtu shuka kiunoni. Kitu kimoja tu mmekiacha wazi, nacho ni kidonda!"

Mama mkwe akageuka, akanitazama mimi. Sijui kwa nini.

"Kwa hiyo anaweza kula?" mke akauliza.

"Ale! Ale sasa hivi! Ale hata meza!"

Palepale mambo yakaanza kwenda mbio. Nesi alitaka maji yaliyochemshwa na chumvi, akanawa mikono mpaka viwiko, akavaa glavu. Akakosha, akakosha tena, akakata nyuzi mbili, usaha ukatoka, fundi akaziuma kingo za mkate aliokuwa analishwa na mkewe. Hakuzimia safari hii. Alikuwa na njaa mno.

"Sikilizeni," nesi akasema bila kuinua kichwa, "nasema mara moja. Shashi hii ni safi kuliko mikono yenu yote. Inanyonya uchafu wa ndani na inazuia uchafu wa nje. Ukiifungua kumwonyesha jirani, umemkaribisha jirani na vijidudu vyake, na vijidudu haviji kutoa pole. Kidonda si sufuria ya kuonjwa kila saa."

"Na gumba?" fundi akauliza. Aliuliza akiangalia ukutani.

Nesi alimaliza kuzungusha bendeji mpya kwanza. "Litabaki. Ungengoja hiyo Ijumaa yako ningekupeleka hospitali kubwa, na kule hawana mchezo. Utameza dawa hizi zote, mpaka ziishe. Na mkono huu haufanyi kazi. Hata ya kujikuna."

"Madirisha je?"

Nesi akavua glavu. Alikuwa amekasirika, lakini hakuwa na roho mbaya. "Jumamosi jioni," akasema. "Siwezi kungoja zaidi. Nina mtoto aliyeungua moto pale, na namfunga kwenye vumbi."

Basi Ijumaa nzima mke ndiye aliyekata. Fundi aliketi juu ya kiti, mkono wake umenyanyuliwa kama mwanafunzi mwenye jibu.

"Kaza kiwiko. Usikivute, kisindikize. Mstari mmoja tu, usirudie."

"Nikikivunja?"

"Utakivunja tu, ndiyo kazi. Kivunje tunapotaka sisi."

Alivunja kimoja vibaya. Fundi akafumba macho, akafumbua, akasema kitatosha dirisha la choo. Kilichofuata kiliachia mlio mmoja mkavu, tak, ukingo wake umenyooka kama uzi, na mke akakiinua juu mwanga ukampita usoni. "Baba watoto," akasema, "kumbe miaka yote hii ulikuwa unanidanganya kwamba ni kazi ngumu."

Jumamosi jioni vilikuwa vimeingia vyote. Aluminiamu alikuja kukagua, akiwa na tabasamu lake. Alisimama nje, akaona nesi yuko ndani, akaingiza kichwa dirishani ili aseme neno lake. Kioo kilikuwa safi mno. Alikipiga kwa paji la uso, ngo!, akaketi chini. Kioo hakikupata hata ufa. Yeye alipata nundu, na nesi akamfunga bendeji ya kwanza katika chumba kisicho na vumbi.

*

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwasimulia wagonjwa juzi Jumatatu, pale kwenye benchi la zahanati, chini ya dirisha. Nilikwenda kupima presha. Benchi lilikuwa limejaa, na mama mmoja mwenye mtoto alikuwa amecheka mpaka amesahau alichokuja kutibiwa. Nilikuwa nimefika pale mama mkwe anaponiita mtu na nusu, narudia kwa ombi la wasikilizaji, nilipohisi benchi limenyamaza. Wote walikuwa wanatazama juu ya kichwa changu.

Dirisha lilikuwa limefunguliwa. Vichwa vitatu vilikuwa vimejipanga pale: nesi, mke wa fundi na mama mkwe. Nyuma yao fundi, amekaa akingoja kubadilishwa shashi.

"Endelea, Mzee Barua," akasema mama mkwe. "Nimefurahi sana hapo pa shati. Ulilichana?"

"Nililichana," nikasema. Ulimi ulishaanza safari, ungerudi vipi?

"Kutoka juu mpaka chini?"

"Kutoka ukosini."

"Shati lipi?"

"Langu jeupe, la kustaafu."

"Hilo ulilovaa?"

Nikalitazama. Benchi zima likalitazama. Lilikuwa limepigwa pasi.

"Kilichochanwa," akasema mama mkwe, "ni shuka langu jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Na aliyelichana ni mimi. Wewe ulikuwa unatafuta buibui."

Mama mwenye mtoto akaziba mdomo kwa mkono.

"Na kitu kingine," mama mkwe akasema. "Zahanati nilikuja lini mimi? Mimi nilibaki nasugua damu ya mkwe wangu sakafuni. Uliyekuja naye ni wewe. Maagizo ulipewa wewe. Wewe ndiye uliyesimama dirishani kwangu, miguu inacheza, ukanipigia kelele, 'Amesema afunge, asifungue mpaka Ijumaa, maji asiguse!' ukakimbilia kwako."

"Ulikimbilia nini, mzee?" nesi akauliza, kwa upole uliozidi.

"Nilikuwa... nilikuwa nimeacha birika motoni."

"Birika la nini?"

Mke wa fundi ndiye aliyejibu, bila hata kugeuka. "La kahawa. Mtaa wetu wote unakunywa chai. Mwenye kahawa ya unga ni mmoja tu."

Fundi akaanza kucheka kule nyuma, cheko la mtu aliyekula na kushiba. "Nilikwambia inawasha, mzee," akasema. "Ukasema ndiyo inavyofanya kazi."

Niliwatazama watu wa benchi, nikitafuta mmoja wa upande wangu. Hakuwepo. Nikaanza na kifungo cha juu.

Niliapa, na nilivuliwa, au tuseme nilijivua, jambo ambalo lina heshima kidogo. Fulana yangu matundu yake ni mengi kuliko nilivyodhani. Mtoto wa yule mama alikuwa anayaonyesha kwa kidole. Nililipitisha shati dirishani. Nikasema, ili nipate angalau sifa moja, kwamba linaweza kufaa kwa kufungia vidonda.

"Shati si shashi, mzee," akasema nesi. "Hili halikaribii kidonda cha mtu." Akampa mama mkwe kama fidia ya shuka. Mama mkwe akalipima kwa macho, akaomba mkasi, na pale pale mbele yangu akalikata, mara hii kweli kutoka ukosini mpaka chini, akatengeneza tanzi la kuning'inizia mkono wa mkwe wake. Mfuko wa kifuani akauacha. Fundi alitoka nao umekaa juu kabisa ya tanzi, akautia kipande cha mkate, akanipungia kwa mkono mzima.

Nikadhani yamekwisha. Nikanyanyuka, nimejikumbatia kuficha yale matundu makubwa. Nesi akaniita.

"Mzee Barua. Nina agizo lako pia. Funga. Usifungue mpaka Ijumaa."

Safari hii sikuondoka na ujumbe nusu. Nikarudi mpaka dirishani, nikauliza kama anavyopaswa kuuliza mtu mzima.

"Nifunge nini, mwanangu?"

"Mdomo."

Nimeufunga. Kuhusu mkono hakusema kitu, na leo ni Jumatano tu. Ndiyo maana mnanisoma.